Mtandao Uliohifadhiwa

"Unagongagonga nini humo, Mama Asma?"

"Nasafisha laptop, shemeji. Imejaa vumbi."

Abdulswamadu alikuwa sebuleni, upande wa pili wa pazia. Mwanaheri, huyo Mama Asma, alikuwa amekaa eda, na mjane wa eda hatoki, sawa. Lakini nyumba hii ya Lizaboni ilikuwa imezidi. Wakwe walishamnyang'anya simu. Eda ikiisha, walisema, Abdulswamadu atamrithi mke wa kaka yake. Hakuna aliyemuuliza mwenyewe.

Chuo kimoja cha Njombe kilikuwa kimempa kazi, kikataka jibu leo kabla ya alasiri. Bila kazi hiyo, hana pa kutokea. Na kilichobaki mkononi ni laptop ya marehemu, ya Linux, isiyoshika mtandao.

Akafungua dirisha la amri, akaandika: rfkill list. Kumbe adapta ya waifai ilikuwa imefungwa tu. Akaandika rfkill unblock wifi, ikafunguka.

Kisha nmcli connection show, aone mitandao ambayo laptop inaijua. Ulikuwepo mmoja tu: BabaAsma, hotspot ya simu ya marehemu mumewe, Muhsini. Laptop ilizoea kuidaka yenyewe, bila kuuliza.

Machozi yakamlenga. Muhsini aliopolewa mtoni. Simu yake haikuonekana tena.

Akasaka mitandao ya majirani. Hakuna hata mmoja. Akageukia pazia.

"Shemeji, niwashie hotspot kidogo. Nataka kusikiliza mawaidha, kichwa kimekuwa kizito."

"Hilo jambo la heri!" Abdulswamadu akacheka. "Una bahati. Ningekuwa bado na kile kimeo changu cha simu, ungeambulia patupu. Hii niliinunua Nalasi kwa hela ya korosho, siku ile ile ya msiba. Laiti nisingesafiri, pengine ningemwokoa ndugu yangu."

"Kazi ya Mungu, shemeji."

"Haya, nimeshawasha. Ngoja nikutafutie neno la siri, maana hata mimi silijui."

Mwanaheri akaandika nmcli device, aone kama adapta imeamka. Akasoma jibu. Akalisoma tena.

"Mbona kimya, Mama Asma?" Pazia likaanza kusogea.

Neno la siri halikuhitajika. Laptop ilikuwa imeshajiunga yenyewe, na BabaAsma.