Ngazi ya Mzee Mazengo

Mzee Mazengo hakuuliza habari ya upepo, na hilo ndilo lililomkosesha Zefania raha. Mtu anayetaka kuwinda akiwa juu ya mti huuliza upepo kwanza, kabla ya kitu kingine chochote. Mnyama akishakunusa, umekaa bure.

Walikuwa nyuma ya nyumba ya Zefania, nje kidogo ya Itigi. Zamani Zefania aliwajengea wageni wa uwindaji wa kitalii madungu ya kuvizia wanyama, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani.

"Hii ngazi ya chuma ina kiti juu," alimweleza. "Unaiegemeza kwenye shina, unaifunga. Ila inalia ukijitikisa. Hiki kibao cha mikanda unakining'iniza popote, lakini kwa magoti yako, mzee wangu, tutakuokota chini. Halafu kuna dungu la nguzo nne, kama la kuamia ndege kwenye mtama. Hilo kila mtu ataliona."

"Nipe nitakalokalia muda mrefu bila kuchoka. Na nione vizuri."

"Unataka mnyama gani?"

"Yeyote atakayepita."

Zefania alicheka, lakini moyoni hakucheka. Mzee huyu ni mfugaji tangu ujana wake. Gobore lake limeota kutu ukutani miaka yote, leo eti kapata kibali cha kuwinda. Ana lake jambo, na Zefania aliona analijua: mzee analitaka lambo.

Ndani ya vichaka kulikuwa na lambo dogo ambalo tandala hulijia kunywa maji alfajiri. Zefania alitega nyaya pale, bila kibali cha mtu, na nyama hiyo ndiyo iliyomlisha mkewe Yasinta na watoto. Mwenzake Shukuru alikamatwa mwaka jana na mzigo begani. Kifungo alichopewa, watoto wake watakuwa wameshaoa kabla hakijaisha. Nani aliyemchoma kwa askari, hadi leo haijulikani. Tangu hapo Zefania hakumwamini mtu. Hata mbwa wake alimtazama mara mbili.

Sasa mzee huyu akakae lamboni na gobore, aone nani anakuja kukagua mitego? Kwisha habari.

"Yule ng'ombe wako anayechechemea anaendeleaje?" aliuliza, apate muda wa kufikiri.

"Nilimchinja. Waya ulifika mfupani."

Zefania akainama kukaza kamba za viatu. "Pole sana, mzee."

"Ndiyo dunia," alisema Mzee Mazengo, akaipapasa ile ngazi. "Nadhani hii itanifaa."

Zefania nusura amkumbatie. Katika yote, mzee kachagua inayopiga kelele! Akamwambia lambo limekauka, akambebea ngazi mwenyewe mpaka kwenye mti mkubwa wa mtundu, pale njia ya vichakani inapokutana na ile ya kijijini. Swala hajakanyaga hapo tangu wachoma mkaa waanze kupita.

"Kaa hapa tu," alimwambia. "Nyama itakuja yenyewe."

Mzee alikwea, akatulia kitini, akaitazama njia upande huu na upande ule. Akamshukuru sana, mpaka Zefania akamwonea huruma kidogo.

Kisha Zefania akatulia nyumbani, akingoja mzee achoke. Alichoka mapema kuliko alivyotegemea. Walikutana kisimani, Zefania akampa shikamoo, mzee akaitikia kwa unyonge.

"Sijaona hata sungura, mwanangu. Naacha. Ngazi nitakurudishia nikipata wa kuibeba."

Zefania hakumeza hilo kirahisi. Jioni moja akapita kwa mzee, akajifanya anaomba chumvi, macho yakakimbilia ukutani. Gobore lilikuwa limening'inia pale pale, na buibui wameshalitandia. Hapo roho yake ikatua. Mtu haendi kuwinda akaacha bunduki nyumbani.

Kesho yake kulipopambazuka alikuta tandala mtegoni. Alichukua paja moja, nyama iliyobaki akaifunika kwa matawi, akashika njia ya kijijini akipiga mluzi. Yasinta angefurahi. Kwa mara ya kwanza tangu Shukuru akamatwe, hakugeuka nyuma hata mara moja.

Chini ya ule mti wa mtundu akasimama abadilishe bega. Vichaka vikatikisika, wakatoka askari wa wanyamapori, mmoja mbele na wawili nyuma, kama watu walioambiwa mahali pa kusimama.

Juu ya kichwa chake chuma kikalia. Mzee Mazengo alikuwa kitini, mikono mitupu isipokuwa simu.

"Ulisema itakuja yenyewe, mwanangu," alisema.