Mke Aliyebakishwa Mlangoni

Émérance alikuwa akichekecha unga wa muhogo nyumbani kwao Kasongo, ujumbe wa sauti wa mchumba wake ulipoingia. Tangu kijana huyo aende Salamabila kuchimba dhahabu, hawakuwa na njia nyingine ya kupendana ila kubishana juu ya manga moja, hadithi ya picha ya Kijapani, na anime yake, yaani filamu ya katuni iliyotokana nayo.

“Mu manga, bibi anamufuata bwana yake mpaka ku vita,” alisema kwa sauti iliyochoka. “Mu anime wamemubakisha ku mulango, analia tu. Wamemuharibu. Wewe unaona namna gani?”

Émérance alijibu kwamba anime haikukosea. Kilio kile cha mlangoni kilimliza hata yeye.

Ukaja ujumbe mwingine: “Sawa. Lakini kama ni wewe?”

Aliurudia mara kadhaa, akisikiliza pumzi aliyoivuta mchumba wake kabla ya kutamka “wewe”. Kidole gumba chake, cheupe kwa unga, kikatua kwenye kitufe cha kurekodi sauti.

Akakibonyeza.

“Pikipiki za kuja huko kwako,” akauliza polepole, “zinaondokaka wapi?”