Kura ya Joto

Kila Ijumaa mtaa ulipiga kura kuamua kama kuna joto au baridi. Elinami alinyoosha mkono upande wa baridi, maana joto likishinda soko hufungwa. Jumatatu mkewe, Nakijwa, akazirai sokoni juu ya nyanya zake.

"Ni joto, nesi! Mpe barafu," Elinami alilia zahanati.

"Joto gani, shemeji? Si mmepiga kura wenyewe?"

"Mguse basi!"

"Nimemgusa. Anaungua." Nesi aliinamisha macho. "Lakini barafu imefungiwa mpaka kura nyingine. Wiki ya baridi, mgonjwa anafunikwa."

Akakunjua blanketi zito. "Shika upande huo."

Elinami akashika, kwa mkono uleule alionyoosha Ijumaa.