Mikia ya Ngiri wa Mlimani

Ngiri wa mlimani walikuwa wamechoka. Kisima chao kikiziba, hawakuruhusiwa kukizibua mpaka Simba atoe ruhusa, naye alikaa bondeni kando ya mto, asikoijua kiu. Mwaka huo ruhusa ilifika watoto wameshakufa. Basi wakadai waamue wenyewe mambo ya kwao.

"Haya, nitakuja kuuliza maoni," Simba akasema. "Anayetaka niendelee kuamua mimi, ainue mkia."

Siku ilipofika, ngiri walijipanga mbele yake kimya, mikia chini. Hakuinua hata mmoja. Simba akawatazama, kisha akanguruma. Ngiri wakatimua mbio, na ngiri akikimbia, mkia wake husimama wima.

"Umeona?" Simba akamwambia Kanga, mpiga mbiu wake. "Wote wananitaka! Katangaze."

Bi Sekema, aliyefiwa na wanawe kwa kiu ile, alisikia. Akasimama juu ya jabali, akageuka, akapaza sauti:

"Kanga! Ukishatangaza mikia yetu, tangaza na miguu ilikuwa inaelekea wapi!"