Mteja wa Kutoka Mutomo

Kutoka Mutomo hadi soko la Kathonzweni ni magari mawili na vumbi la kutosha kupanda mtama, lakini Kavindu alikuwa akija kila wiki kununua gorogoro moja tu ya ndengu kwa Wayua. Mutomo, ambako ndengu humea hata pasipopandwa!

"Kwani kwenu zimeisha?" Wayua alimtania.

"Zako zinaiva haraka." Mama huyo alivuta leso yake vizuri kifuani na kukaa.

"Haya basi. Mgeni njoo, mwenyeji apone," Wayua alisema, akimsogezea gunia.

Hakuwa akilalamika. Tangu amzike mama yake, Ndululu, mwaka jana, nyumba ilikuwa kimya hadi akawa anaacha redio ikiongea ili tu asikie sauti ya mtu. Hakuwa na mume wala mtoto. Ndugu pia hakuwa nao, kwani Ndululu alimpata akikaribia miaka hamsini, na kanisa zima likasema ni muujiza. Siku hizi mtu wa kumuuliza amekula nini alikuwa mmoja tu, naye ni huyu mteja wa mbali.

"Huku si kugeni kwangu," Kavindu alimwambia siku moja. "Niliolewa hapa nikiwa msichana. Sikukaa."

"Mume alikufukuza?"

"Mume hakuwepo." Alicheka kidogo, kisha akauliza bei ya mbaazi.

Wiki iliyofuata alikuja bila kikapu. Zahanati ya pale sokoni ilikuwa ikipima matiti bure, na alisema anaogopa kwenda peke yake. Si Wayua amsindikize?

Wayua alishtuka. "Lakini Mutomo si mko na hospitali?"

"Kule wananijua."

Njiani Wayua alitoa simu kwenye sidiria akaitia mfukoni, maana wanawake wa soko husema simu ndiyo huleta saratani.

"Si simu," Kavindu alisema. "Ni miaka ikisonga. Ni kukosa kuzaa. Ni damu, kama mama yako aliugua. Na wengine huwapata tu, bila sababu."

Aliyasema kama mtu aliyeyakariri. Wayua akawaza: Mtu hajui hayo yote bure. Bila shaka amepapasa uvimbe. Mungu, aliomba kimoyomoyo, huyu usimchukue. Sina mwingine.

Kavindu alikwenda mezani kuandikisha jina, akarudi kwenye benchi na kumshika Wayua mkono.

"Wayua Ndululu!" nesi aliita.

"Wamekosea," Wayua alisema. "Wa kupimwa ni wewe."

"Ingia tu, mwanangu. Niko nyuma yako."

Watu walikuwa wakitazama, na Wayua akaona aibu kubishana. Akaingia, Kavindu nyuma yake. Nesi alikuwa kijana mpole, na kalamu yake haikupumzika.

"Umri?"

"Arobaini na tatu."

"Umewahi kuzaa?"

"Hapana."

"Kwenu kuna mtu ameugua saratani ya matiti? Mama, dada, nyanya?"

"Hakuna," Wayua alijibu, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu. "Mama yangu alikufa na miaka tisini. Hata kichwa hakikuwa kikimuuma."

Nesi alikuwa ameshaanza kuandika Kavindu alipofungua leso, kisha vifungo vya blauzi, kimoja kimoja. Upande wa kushoto hapakuwa na titi. Palikuwa na kovu refu lililofika kwapani.

"Futa hiyo," alimwambia nesi, lakini macho yake yalikuwa kwa Wayua. "Andika mama. Ndululu hakuzaa. Ndiye aliyenioa, kwa ile mila ya mwanamke kuoa mwanamke, ili nimzalie."