Jina la Mwenye Boma

Chai ya pili ilikuwa imeshamiminwa na bado hakuna aliyelitaja neno lenyewe. Walizungumzia mvua, wakazungumzia bei ya kahawa, wakamzungumzia ng'ombe wa jirani aliyevunjika mguu. Ng'ombe huyo hakuwahi kupendwa hivyo maishani mwake.

Wawira alikaa kwenye kiti cha plastiki katikati ya sebule; nyanya yake, ambaye wote walimwita Cucu, alikuwa mlangoni. Alikuwa mwalimu wa hisabati huko Meru mjini, mwanamke mtu mzima mwenye mvi mbili tatu, na sebule hiyo aliijenga yeye kwa mshahara wake. Lakini hayo hayakuitiwa kikao.

Hatimaye babake, Mutugi, mzee wa kanisa hapa Karurumo, Embu, alikohoa.

"Tumesikia unaishi na mwanamke kule Meru, Kinoru."

"Ndiyo, Baba. Ni Mukiri, huyo anayeambua maharagwe na Cucu hapo mlangoni. Mmemsalimia. Ndizi zake mmekula."

"Tumesikia ni kitanda kimoja."

"Ni kimoja, Baba. Ninampenda."

Lo! Mzee Munyi, aliyeitwa kuuwakilisha ukoo, alimeza chapati bila kutafuna. Mamake Wawira, Cicily, akajifunika uso kwa leso.

"Mungu wangu! Si hata ungeniletea mlevi! Mlevi tungejua pa kumwanzia, tungemwombea. Sasa huyu?"

"Mama, Mukiri hanywi."

"Si ndiyo shida!"

Wawira alikuwa amekuja kuomba kipande cha shamba wajenge nyumba. Katiba mpya ilikuwa imesema kwamba binti naye ni mtoto. Mutugi aliipenda sana katiba hiyo, tena aliipigia kura kwa mkono wake mwenyewe, mradi isivuke lango lake.

"Shamba sahau," akasema. "Shamba hili lina mwenyewe."

Kila mtu alijua kinachofuata. Mwenye Boma hakutajwa jina hapo nyumbani, kwa heshima, na picha yake haikuwepo. Hadithi yake ndiyo iliyokuwepo, na ilisimuliwa kila Krismasi: jinsi watu wa ukoo walivyotaka kumnyang'anya Mwenye Boma shamba kwa sababu hakuwa na mtoto, jinsi Mwenye Boma alivyolima maharagwe, akanunua mbuzi mmoja mmoja, akaenda kumwoa msichana aitwaye Ciakuthii, ambaye sasa ndiye Cucu. Ciakuthii akamzaa Mutugi, na wenye tamaa wakafyata mkia. Wawira aliipenda hadithi hiyo tangu utotoni. Leo hakutaka kuisikia.

"Alisimama mpakani na panga mkononi!" Mutugi akanguruma. "Hicho ndicho kichwa cha nyumba! Angefufuka leo akaona haya, angekufa tena. Tangu Embu iwe Embu, mwanamke hajawahi kumwoa mwanamke katika boma hili. Ama nadanganya, Mzee Munyi?"

Mzee Munyi, ambaye kwa umri wake alimkumbuka Mwenye Boma vizuri, aliitazama chapati yake kwa makini sana.

"Chai imebaki?" akauliza.

Pale mlangoni Cucu akacheka. "Mume wangu," akamwita Wawira, "njoo unishike mkono niinuke."

Watu wakatabasamu kwa huruma. Nyanya wa huku humwita "mume wangu" mjukuu aliyepewa jina la mumewe. Hilo hata watoto wanalijua. Lakini kakake Wawira, kifungua mimba, ambaye kwa desturi ndiye angepewa jina hilo, alipewa jina la upande wa mama, eti kwa sababu Mutugi hapendi makuu. Naye Cucu, tangu Wawira akiwa mchanga, ndiye aliyemwita mume. Mutugi alisema ni uzee. Uzee gani humwanza mtu akiwa na miaka arobaini na kitu, hakuna aliyewahi kuuliza.

Wawira alimwinua Cucu, kisha akamgeukia babake.

"Baba, kama unanifukuza, sema tu."

"Sikufukuzi. Mwache huyo, urudi kwetu. Usipomwacha, huna jina katika boma hili. Jina tulikupa sisi na tunaweza kulichukua." Akawatazama waliokaa. "Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako."

Uchungu ulimchoma Wawira. Shamba angelisahau. Lakini kuwa si mtu wa hapa, kuwa mgeni kwenye sebule aliyoijenga? Mukiri akasimama, akajikung'uta maganda ya maharagwe. "Twende nyumbani, Wawira," akasema taratibu.

"Ngojeni," Cucu akasema.

Aliingia chumbani kwake, sanduku la bati likasikika likiburutwa. Alirudi na rinda jeupe la bafta, rinda la kizamani lililogeuka rangi ya chai, nondo wamelitoboa mabegani.

Mutugi aliruka kutoka kitini. "Mama, rudisha hiyo." Mngurumo ulikuwa umemtoka wote. "Mama, tafadhali. Watu wapo."

Cucu hakusikia, masikio yake huziba apendapo mwenyewe. Alilipanua rinda kifuani pa Wawira, akalipima mabega, akasema kwa sauti ya kumfikia hata yule jirani mwenye ng'ombe:

"Linakutosha, mume wangu. Ndilo alilovaa Wawira wa kwanza, mwenye boma hili, siku aliyokuja kunioa."