Shemeji Kaleta Mnunuzi

Msusi alikuwa barazani anamsuka jirani yake pale shemeji, mdogo wa mumewe, alipoingia getini na mwanamume mwenye suti. Shemeji hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ukuta, akaugongagonga.

"Tofali za kuchoma hizi, mzee. Mnadani nyumba hii utaipata kwa bei ya kutupa."

Shemeji huyuhuyu ndiye aliyewahangaikia mkopo wa nyumba. "Andikeni mna saluni na wasusi sita," alisema. "Kila mtu anatia chumvi." Mumewe alisita, yeye msusi akamhimiza asaini. Benki ikapanga marejesho kwa kipato cha saluni isiyokuwepo, na nywele za barazani hazikuyafikia. Walipokwenda kuomba wapunguziwe, benki ilichunguza, ikagundua uongo, ikaamua kuuza nyumba.

"Wewe ndiye wa kuniletea mnunuzi?" msusi aliuliza.

"Shemeji, na mimi natafuta riziki. Kwani kalamu niliishika mimi?"

Hakuishika, kweli. Hilo ndilo lililompandisha msusi hasira mpaka masikio yakawaka. Mafuta ya nywele yalimchuruzika vidoleni. Aliyafuta kwenye aproni taratibu, kidole kwa kidole, kisha akaenda getini, akatia kufuli, akatumbukiza ufunguo kifuani.

"Unafanya nini?" shemeji alifoka.

"Keti. Hutoki humu mpaka kaka yako arudi kutoka kazini, umweleze mwenyewe kwamba umemletea mnunuzi."

Jirani, nusu ya kichwa ikiwa timutimu, aliinuka akaenda kusimama mbele ya geti, akawaziba njia.